Kaka, uji nitaulipa, ila yale madawati tuyaongee

Tampere, Ufini, Februari 2026

Kaka, shikamoo.

Natumaini goti la mama limetulia na wote hapo Igoma mko salama. Huku mimi mzima, shida ni baridi tu, nayo nimeizoea kama wewe ulivyozoea vumbi. Ziwa limeganda. Jumapili nimetembea juu yake na viatu vyangu, kama Petro kabla hajaingiwa na hofu. Mwambie mama asiogope, watu huku wanapita juu yake hata na mbwa.

Ujumbe wako wa sauti nimeupata, dakika saba na sekunde kadhaa. Nimeusikiliza mara tatu. Umesema shilingi 1,500,000: masufuria mawili makubwa, jiko, na unga wa uji wa kuanzia. Umesema "sisi kama kamati ya shule". Umesema watoto wanaanguka mstarini kwa njaa. Halafu mwishoni, ulipodhani nimeshalainika, ukasema nimesahau nilikotoka. Huko kwenye kusahau tutafika. Kwanza nikueleze kazi yangu, maana nimesikia unawaambia watu pale kwa kinyozi kwamba dada yako anaosha vyombo.

Sioshi vyombo. Niliosha, nikafagia na maofisi usiku, hayo yamepita. Tangu Agosti nina mkataba wa kudumu katika shule ya msingi, msaidizi wa wanafunzi, na mtihani nilifanya kwa Kifini. Kifini chenyewe, kaka, neno moja linaanzia Igoma mpaka ulimalize uko Buzuruga. Watoto wananiita Kabula, basi. Hakuna mwalimu wala madam, hata mwalimu mkuu anaitwa kwa jina lake. Wiki ya kwanza nilikuwa nashtuka kila nikiitwa na kitoto cha miaka saba. Viatu vinavuliwa mlangoni, shule nzima inatembea na soksi, mwalimu mkuu akiwemo. Nimejifunza kununua soksi zisizo na matundu.

Na nikwambie nililolifanya. Mapumziko hapa watoto wote wanatolewa nje, hata baridi ikiwa hasi 10. Nikawa nawaona wengine wanaganda ukutani kama makopo. Nikawafundisha rede. Ndiyo, rede, hii hii ya kwetu! Mpira wa soksi, chupa katikati, ila badala ya mchanga tunajaza theluji. Sasa hata wavulana wamo, na yule mwalimu wa hesabu mwenye ndevu alitolewa na mtoto wa darasa la tatu mbele ya watu. Mwalimu mkuu alinishika mkono akasema tangu rede ianze, wanaobaki peke yao uani wamepungua. Niliitafsiri sentensi ile kichwani mara mbili kuhakikisha ndivyo alivyosema.

Sasa chakula, maana ndicho unachokililia.

Hapa kila mtoto anakula bure, wa tajiri na wa mlevi, na hakuna wa kuulizwa mzazi wake ni nani. Alhamisi ni supu ya njegere na chapati nene ya kuoka yenye jamu. Wanajipakulia wenyewe. Na usije ukasema "hao ni wazungu, wana hela". Sheria yao waliipitisha 1943 wakiwa vitani, ikaanza kutekelezwa kwa watoto wote 1948, wakati huo wanamlipa Mrusi fidia ya vita. Walikuwa hawana kitu. Watoto wenyewe walipelekwa porini kuchuma matunda ya jiko la shule. Huoni kama ndiyo yaleyale ya debe la mahindi na sado ya maharage mnayoyapigia kelele kwenye mikutano? Tofauti ni kwamba ya kwao yalifika kwenye sufuria.

Mwezi wa kumi na moja alikuja binti mgeni, Mkongo, wa upande wa Bukavu, miaka tisa. Hajui Kifini hata cha maji. Mezani anakaa tu, sahani haina kitu. Siku ya tatu nikamwona anachukua kipande cha mkate mkavu, anatazama huku na huku, anakitia ndani ya koti. Nikamfuata. Nikachuchumaa nikamwambia kwa Kiswahili, kula mama. Aliruka, kaka! Kama umemwita marehemu. Akanitazama, akaninong'oneza: "Mama, miye sina feza."

Siku tatu yule mtoto amekaa na njaa mbele ya chakula akidhani kinauzwa.

Nikamwambia hapa hulipi. Hakuniamini mpaka nilipokula naye. Na ule mkate? Wa mdogo wake, yuko chekechea jengo la pili, na huko nako anakula bure vilevile, ila dada mtu alikuwa hajui. Nikaingia stoo ya maboksi nikalia kidogo, halafu nikarudi kufuta meza.

Kwa hiyo usiniambie nimesahau. Nilimwona na mkate ule kwenye koti nikaiona kaptura yako ya kaki, mfuko wa kulia, michembe ya viazi vikavu. Mama alikupa vipande vitano vyako na vitano vyangu, nami saa nne unanipa saba. Ulidhani sijui kuhesabu. Siku Mirongo umefurika ulinibeba mgongoni na ndoo yangu na mfagio wangu, tukachelewa, ukachapwa mara mbili, zako na zangu. Nalikumbuka mpaka jina la fimbo ya mwalimu yule. Huku viboko shuleni vilipigwa marufuku 1914, Mjerumani angali amekaa pale Mwanza na jiwe lake la Bismarck. Nilipowasimulia walimu wenzangu hawakujua wacheke au wanipe pole.

Huyo aliyenipa vipande saba ndiye kaka yangu. Sasa huyu wa madawati ni nani?

Nilitaka kuyanyamazia. Mama alisema nyamaza, ni mkubwa wako. Lakini mwezi wa kumi limetokea jambo. Wana siku moja hapa wanaiita taksvärkki, ipo tangu 1967: watoto hawaingii darasani, wanakwenda kufanya kazi, na ujira wa siku ile wanautoa kwa watoto wa nchi nyingine. Wengine wameokota majani ya bibi zao, wengine wamefuta madirisha, mmoja ameosha gari la baba yake vibaya sana akalipwa hivyo hivyo. Asubuhi yake wakaja na bahasha. Mwalimu wa darasa la sita akanigeukia mbele ya wote: "Kabula, Mwanza si ni mji dada wa Tampere? Hakuna shule kwenu tunayoweza kuisaidia?"

Ni kweli, mji huu na wetu ni marafiki rasmi tangu miaka ya 1980. Watoto ishirini na mbili wananitazama. Ningesema ndiyo, mngekuwa na masufuria yenu kabla ya Krismasi.

Nikasema nitauliza nyumbani. Sikuuliza, na wewe unajua kwa nini. Mwaka juzi nilituma 1,200,000, madawati kumi na matano. Ukanitumia picha, madawati yanang'aa varnishi, watoto wamekaa watatu watatu, wewe umesimama pembeni na suti ya harusi ya Masalu. Nikaionyesha kazini. Nikaiweka kwenye simu iwe ya mbele. Miezi miwili baadaye, niko kituoni nasubiri tramu, vidole vimekufa ganzi, nikaikuza ile picha nione nyuso za watoto kama kuna ninayemjua. Nikaona maandishi ubavuni mwa dawati. S/M, halafu jina. Si la shule yetu, kaka. Si hata la kata yetu.

Ulikwenda kupiga picha kwenye madawati ya watu.

Usinieleze habari za fundi kuchelewa wala mbao kupanda bei. Wifi aliniambia mwenyewe, bila kujua ananiambia, kwamba chumba cha nyuma sasa kina nondo na lenta. Ningekuwa nimekupa kwa ajili ya nondo ningefurahi. Ungeniomba nondo! Lakini ulinifanya nisimame mbele ya watoto waliookota majani kwa baridi, nikashindwa kulitaja jina la shule niliyosomea. Hilo ndilo lililonikaa, kuliko hata hela.

Basi hayo nimeyatoa. La binti yako Nyanzala ndilo lililonifanya niandike barua badala ya kukupigia, kwa sababu kwenye simu utakata.

Shuleni hapa kuna mtu anaitwa kuraattori. Hafundishi. Kazi yake ni kukaa na mtoto mwenye jambo na kumsikiliza, na sheria inataka mmoja asizidishiwe wanafunzi 670. Mlango wake una kochi la kijani. Nikipita pale mtoto yuko ndani nafikiria Agosti 2021. Nyanzala yuko kidato cha pili, katolewa mstarini mbele ya wenzake, kapewa barua, kaja nyumbani na tumbo na begi. Alinitafuta mimi shangazi yake. Aliandika: "Shangazi nimefukuzwa." Wiki ileile tramu ya Tampere ilikuwa imeanza. Nilimjibu "pole mwanangu, Mungu atajalia", kisha nikatupia picha sita za tramu kwenye grupu la familia. Wewe ukaandika "Ulaya ni Ulaya". Nikaweka kopa.

Zaidi ya hapo sikumwuliza kitu. Nani, lini, anataka nini, analala wapi. Hakuna.

Novemba mwaka uleule Profesa Ndalichako, waziri wa elimu wakati ule, akatangaza waliojifungua warudi shule. Miezi mitatu tu, kaka. Ulikuwa umeshakuwa mjumbe wa kamati, ulijua kabla ya sisi wote. Na ukasema "siwezi kusomesha mama wa mtu". Mama alinisimulia. Nami sikukupigia, nilikuwa na zamu. Kila mara nilikuwa na zamu.

Sasa mtoto ana miaka minne na mama yake anauza karanga stendi ya Buzuruga. Nimeongea naye mwezi uliopita, saa moja na nusu, vocha yangu. Anataka kusoma. Tena anajua njia kuliko wewe mwenye kamati: ajiandikishe Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, afanye mtihani wa QT, ule wa kufuzu, akifaulu aende kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Alikuwa na mambo yote kwenye karatasi, kanisomea. Kilichomshinda ni ada, na wewe. Ada nimeshamtumia, kwenye namba yake. Wewe nakuomba. Jioni akienda darasani mtoto abaki kwa bibi yake, usiseme neno. Hata lile la kukohoa usikohoe.

Haya, uji.

Hela ya uji nitatoa, siwezi kuona watoto wanaanguka mstarini na mimi huku namwaga mabaki ya supu. Lakini haitapita kwenye simu yako. Masufuria nimeelewana na yule mwenye duka la vyombo pale soko la Kirumba, aliyesoma na Masalu. Mwalimu mkuu aende na mweka hazina wa kamati, wachukue, wasaini, risiti ibandikwe ubaoni shuleni kila mzazi aione. Unga nitalipia wa muhula mmoja, mashineni moja kwa moja. Muhula wa pili ni wenu. Piga mkutano, wazazi walete mahindi, na wewe mwenyekiti uanze kutaja debe lako mbele ya watu. Likianza kwako hakuna atakayebisha. Sauti unayo, hiyo hatujawahi kukunyima.

Nikiona sufuria linachemka, kwa macho ya Nyanzala si kwa picha yako, nitamwambia yule mwalimu wa darasa la sita jina la shule yetu. Taksvärkki ya mwaka huu bado.

Usikasirike mpaka ukaacha kunipigia Jumapili. Jumapili huku ni ndefu. Wana samaki wadogo wa ziwani wanaitwa muikku, wanawakaanga na unga wa nafaka ya rai, nikila nafumba macho naona dagaa wa mwaloni, halafu nafumbua naona theluji. Nasikia siku hizi mnavuka Busisi juu ya daraja, pantoni basi. Nikija nitavuka mara mbili, kwenda na kurudi, bila shughuli yoyote ng'ambo.

Msalimie mama, wifi, Masalu na watoto. Mwambie mama hela ya dawa ya goti iko peke yake, haihusiani na ugomvi huu.

Kuna dada wa Nyegezi anarudi huku mwisho wa mwezi wa tatu, namba yake nimempa Nyanzala. Mpe michembe, kilo mbili zikipatikana. Na safari hii, kaka, usinitumie picha.

Mdogo wako,
Kabula