Kabla ya kupiga window, angalieni plagini imekaa wapi

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya ukurasa wa burudani kuhusu studio za mitaani niliisoma yote na mengi nilikubaliana nayo, isipokuwa pale mwandishi aliposema vijana wanakwama kwa sababu kompyuta zao ni dhaifu. Mimi natengeneza kompyuta za studio hapa Mwanza. Wateja wangu wengi ni watoto wa Buhongwa, Igoma na Nyegezi wenye laptop za mtumba. Laptop dhaifu zipo, sikatai. Lakini wimbo ninaoimbiwa mezani kwangu ni huu: "Shikamoo mama, plagini haisomi," yaani kiprogramu cha ziada cha muziki hakifunguki. Ukiifungua hiyo laptop unakuta ni nzima kabisa.

Nimeona niandike kwa sababu jambo hili linakula hela za watu. Kijana plagini ikigoma anakimbilia kwa fundi wa karibu. Fundi anatazama kidogo, anamwambia window imekufa, anapiga window upya. Nyimbo za kwaya zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye desktop zinakwenda na maji, kijana analipa, anarudi nyumbani, anaweka plagini ile ile na haisomi vile vile.

Plagini ni kiprogramu kidogo kinachofunguka ndani ya programu ya kurekodia, kama FL Studio, Cubase au Reaper. Inaweza kuwa kinanda, mwangwi, au kifaa cha kunyoosha sauti ya mwimbaji. Shida ni kwamba wenye programu hizi hawakuwahi kukubaliana njia moja ya kuziunganisha. Kampuni ya Steinberg ya Hamburg, Ujerumani, ilileta VST mwaka 1996 ndani ya programu yake ya Cubase. Apple wana yao, Audio Units, inayofanya kazi kwenye vifaa vyao tu. Avid, wenye programu ya kurekodia ya Pro Tools, wakaja na AAX mwaka 2011. Na mwaka 2022 kampuni mbili za Berlin, Bitwig na u-he, zikatoa nyingine inayoitwa CLAP. Ni kama chaja: umeme ni ule ule, lakini ncha zikitofautiana na tundu la ukutani hutachaji simu hata ukeshe.

Kwa hiyo kijana mwenye Windows asihangaike na faili linaloishia na component, hilo ni la Audio Units, la Mac, kompyuta za Apple. Kama hana Pro Tools, AAX haimhusu. Anabaki hasa na VST, nayo ina matoleo mawili yanayokutana sana: VST2, ambayo kwenye Windows faili lake linaishia na dll, na VST3, iliyotoka mwaka 2008, ambayo linaishia na vst3. Ushauri wangu ni kuchukua VST3 pale inapopatikana. Steinberg waliacha kutoa vifaa vya kutengenezea VST2 mwaka 2018, na mwaka 2022 wakatangaza kwamba programu zao wenyewe zitaiacha ndani ya miezi 24. Ila asije mtu akafuta VST2 zake zote leo kwa kusoma barua hii. Wimbo uliotengenezwa kwa VST2 unaitafuta ile ile siku ukiufungua, na pengine usiikubali VST3 ya plagini hiyo hiyo badala yake. Maliza kazi za wateja kwanza.

Nieleze tatizo la folda taratibu, maana ndilo linaloleta wengi. Mwezi uliopita alikuja kijana wa Igoma anayerekodi kwaya, anatumia Reaper. Alikuwa amepakua Valhalla Supermassive, plagini ya mwangwi inayotolewa bure na wenyewe, nzuri kwa sauti za kwaya na wala haili bando. Ameiweka, imemwambia imekamilika, Reaper haiioni. Nikamuuliza, "Wakati unaiweka ulisoma kilichoandikwa?" Akacheka. Alibonyeza Next, Next, Next mpaka mwisho, kama wote wanavyofanya. Plagini ilikuwa imeingia salama kwenye folda ya VST3 iliyo ndani ya Common Files. Yeye alikuwa amefuata video fulani ya zamani, akaielekeza Reaper ikaangalie folda ya VSTPlugins peke yake na kuifuta njia nyingine aliyoikuta pale. Tukaenda Options, Preferences, sehemu ya VST, tukairudisha ile njia, tukabonyeza kitufe cha kufuta kumbukumbu na kuskani upya. Ikajitokeza. Chai yake ilikuwa bado ya moto.

VST3 ina makao maalumu, na programu nyingi zinaitafuta hapo bila kuambiwa. VST2 haina kwao. Kila mtengenezaji anaitupa anapotaka, moja ndani ya VSTPlugins, nyingine ndani ya folda ya Steinberg, nyingine kwenye folda ya kampuni yake. Ndiyo maana programu ya kurekodia lazima iambiwe njia. Wa FL Studio waende Options, kisha Manage plugins, waongeze folda pale, halafu wabonyeze Find installed plugins na kusubiri imalize. Wengi hawasubiri.

Kwenye ile hatua ya kuweka kuna visanduku vya kutia tiki: VST, VST3, AAX, na siku hizi CLAP. Tia tiki ya ile unayotumia tu. Ukizitia zote unajaza diski, na plagini moja inakuja mara tatu kwenye orodha hadi hujui ipi ni ipi.

Suala la biti 32 na biti 64, yaani namna programu ilivyoundwa kutumia prosesa ya kompyuta, nalitaja kwa kifupi. Programu za siku hizi ni za biti 64. Ableton Live tangu toleo la 10 haifungui plagini ya biti 32, na Cubase iliziacha kuanzia toleo la 9. Reaper inaweza kuzibeba, lakini kwa laptop ya mtumba sikushauri. Zile plagini za zamani zinazozunguka kwenye flashi nyingi ni za biti 32, na mwenye flashi hajui.

Nikishataja flashi, niseme na hili. Bando ni ghali, naelewa kwa nini vijana wanagawiana. Plagini ndogo ya bure ukiikopi na kuiweka kwenye folda yake yaweza kusoma bila shida. Kubwa, yenye sauti za vinanda na ngoma, haiwezi: faili la vst3 ni mlango tu, sauti zenyewe zimekaa folda nyingine kabisa, na leseni imesajiliwa kwenye kompyuta ya mwenzako. Gawianeni lile faili la kuwekea plagini kama lilivyopakuliwa, kila mtu aliweke kwake. Hapo bando linakuwa la mtu mmoja.

Kuna na ujumbe unaotisha watu, wa kukosekana kwa VCRUNTIME140.dll. Huu ndio unaofanya mafundi waseme window imekufa. Haijafa. Kinachokosekana ni kifurushi cha Microsoft kinachoitwa Visual C++ Redistributable, kinapatikana bure kwenye tovuti yao, kinawekwa kwa dakika chache. Kumpigia mtu window kwa ajili ya hicho ni kumwibia, na mafundi wenzangu wakichukia wachukie.

Kwenye kraki, yaani programu za kulipia zilizovunjwa kufuli ili zitumike bure, sitahubiri. Naeleza tu ninachokiona mezani. Maelekezo yake karibu yote yanaanza na "zima antivirusi". Ukishaizima umemkabidhi mtu usiyemjua funguo za kompyuta yenye kazi za wateja wako, na baadaye unakuja kwangu faili zote zimefungwa, unadaiwa pesa za kuzifungua. Siwezi kuzifungua, hakuna fundi wa Mwanza anayeweza. Na wala hakuna haja ya kufika huko. Surge XT ni kinanda kizima, ni cha bure na kinakuja kwa VST3, Audio Units na CLAP. Vital, kinanda kingine, ina toleo la bure. Reaper inakupa siku 60 za kujaribu, na leseni yake ya mtu binafsi au biashara ndogo ni dola 60. FL Studio ya majaribio haina kikomo cha siku, ila wimbo uliouhifadhi hutaweza kuufungua tena mpaka ununue, kwa hiyo utoe kabisa uwe faili la sauti kabla hujaifunga programu. Hili la mwisho limewaliza wengi.

Wenye Mac ni wachache huku kwetu. Wanaotumia Logic Pro au GarageBand, programu za kurekodia za Apple, wachukue Audio Units, nyingine haitasoma humo. Na wenye Mac zilizopanda hadi mfumo wa Catalina wa mwaka 2019 au zaidi, plagini za biti 32 wazisahau.

Ombi langu, Mhariri, ni nafasi ndogo kwenye ukurasa wa vijana kuzichapisha njia mbili zifuatazo, moja ya VST3 kwenye Windows na nyingine ya Audio Units kwenye Mac. Tafadhali msahihishaji wenu asiziguse, hata mikwaju na nafasi ziachwe zilivyo:

C:\Program Files\Common Files\VST3

/Library/Audio/Plug-Ins/Components

Msomaji wenu,
Fundi wa kompyuta za studio,
Nyegezi, Mwanza.