Antibayotiki holela na fangasi wa ukeni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa matumizi holela ya antibayotiki, hasa upande wake usiosemwa sana: fangasi wa ukeni. Dawa hizi haziui vijidudu vya ugonjwa pekee; huua pia bakteria rafiki wanaotengeneza asidi na kumzuia fangasi aitwaye kandida, ambaye kwa kawaida huishi mwilini bila madhara, asizaliane kupita kiasi. Bakteria hao wakipungua, kandida hustawi, na mwanamke huanza kuwashwa na kutokwa uchafu mzito mweupe.

Wengi, kwa kuona aibu kujieleza mbele ya wateja wengine kwenye duka la dawa, hudhani UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) waliyoitibu awali imerudi na kununua amoksilini nyingine, antibayotiki isiyoua fangasi hata kidogo na inayoweza kuzidisha hali. Si kila anayemeza antibayotiki hupata fangasi, wala simshauri mtu akatishe dozi aliyoandikiwa na daktari. Ninachoomba ni Baraza la Famasi lisimamie kwa dhati sharti la cheti cha daktari katika maduka ya dawa, kuanzia Kariakoo hadi Mbagala, na wauzaji wawaeleze wateja dalili hizi, faragha, wanapowakabidhi dawa, ili zikitokea waende kupimwa kwanza.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam