Saa ya kukatwa miwa iandikwe kwenye stakabadhi

Kwa Mhariri,

Tangu viwanda vinne vya sukari vya serikali ya Kenya, yaani Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony, vikodishwe kwa miaka 30 mnamo 2025, nimesoma mengi kuhusu bei ya tani, madeni ya wakulima, hatima ya wafanyakazi na sukari inayoingizwa kutoka nje. Ni mambo mazito na yanastahili kujadiliwa. Lakini sisi tunaolima miwa huku Nyando tuna jambo jingine linalotuumiza kila msimu, nalo halijapewa nafasi: muda unaopita tangu panga likate muwa hadi muwa huo ufike kwenye mashine ya kusaga.

Mahindi ukiyavuna unayakausha, unayatia ghalani, unangoja bei ipande. Miwa haina ghala. Ikishakatwa inaanza kukauka, na sukari iliyo ndani yake inavunjika na kuwa glukosi na fruktosi, ambazo kiwanda hakiwezi kuzigandisha ziwe sukari ya mezani. Bakteria nao huingia pale palipokatwa na kuifanya sharubati iwe na utelezi, kazi ya kuisafisha ikawa ngumu. Iliyochomwa kabla ya kukatwa huharibika upesi zaidi. Ndiyo maana wataalamu wa zao hili husisitiza miwa isagwe ndani ya saa 24, au zikizidi sana, saa 48.

Kwetu miwa hulala shambani siku kadhaa, na wakati mwingine wiki nzima. Jirani zangu wamewahi kuifunika kwa majani makavu wakitumaini jua halitaimaliza.

Wengi husema dawa ni kuongeza matrekta. Mimi sikubaliani nao kabisa. Nenda kwenye yadi ya kiwanda chochote cha ukanda huu msimu wa mavuno uone foleni. Matrekta yapo, lakini yamesimama, matrela yamejaa, madereva na matanboi wao wamelala chini yake kwa sababu mashine imeharibika au miwa iliyoletwa ni mingi kuliko inayoweza kusagwa siku hiyo. Trekta lililo kwenye foleni haliko shambani. Kila saa linayosubiri kwenye lango, kuna rundo la mtu mwingine Koru au Kibigori linalokauka. Ukiongeza matrekta 20 kwenye foleni hiyo, umeongeza foleni tu, na gharama za kusubiri mwishowe zitatafutiwa njia ya kukatwa kwenye malipo ya mkulima.

Kasi ya kazi yote inafaa ipangwe na mashine ya kusaga. Kiwanda kinajua uwezo wake wa siku. Kinajua matrekta mangapi yako njiani na mangapi yako yadini. Basi kibali cha kukata kitolewe kwa hesabu hiyo. Mashine ikiharibika saa nne asubuhi, kufikia saa tano wasimamizi wa wakataji wawe wamepata ujumbe wa simu wa kusimamisha panga. Muwa uliosimama shambani unaweza kungoja wiki moja zaidi bila hasara kubwa, uliolala chini hauwezi. Hili halihitaji mkopo wa benki wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Linahitaji ofisi ya mavuno, ofisi ya usafiri na watu wa mitambo wazungumze kila asubuhi, na mtu mmoja awe na mamlaka ya kusema leo tusikate.

Kwa nini hayo hayafanyiki? Nadhani ni kwa sababu anayeamua miwa ikatwe lini siye anayebeba hasara ikichelewa. Miwa hupimwa kwenye mizani ya kiwanda, baada ya kukatwa, kulala, kupakiwa, kumwagika njiani na kusubiri foleni. Uzani unaosomeka pale ndio mkulima anaolipwa, kisha gharama za kukata na kusafirisha zinatolewa humo humo. Tuseme shamba lilikuwa na tani 40 siku ya kukatwa na likapoteza sehemu moja kati ya 20 kabla ya kufika. Tani 2 zimepotea, na hakuna karatasi popote inayoonyesha kwamba zilikuwapo. Mimi mwenyewe nimepokea malipo ya aina hiyo kutoka kwa kiwanda ambacho sitakitaja. Nilipouliza kwa nini uzani ulipungua kuliko nilivyotarajia, niliambiwa miwa yangu ilikuwa mibovu. Ilikuwa mizuri siku ilipokatwa, ila sikuwa na cha kuthibitisha.

Hebu tutazame milimani juu yetu, Kericho na Nandi. Mkulima mdogo wa chai hupeleka majani yake kwenye kituo cha ununuzi karibu na kwake, yanapimwa mbele ya macho yake, anapewa stakabadhi, na lori la kiwanda linayachukua. Likikwama matopeni, huo ni mzigo wa kiwanda. Ndiyo maana kiwanda cha chai kina haraka. Nasi tupewe mizani za pamoja karibu na mashamba, hata kama ni chache kwa kuanzia, ili hasara ya njiani iwe ya anayeendesha safari. Miwa ni mizito, najua, na mizani ya kupima trela zima si kifaa cha bei rahisi. Lakini gharama yake igawanywe kwa wakulima wote wa eneo, kisha ilinganishwe na tani zinazopotea kila mwaka bila kuandikwa.

Kuhusu barabara nitasema machache kwa kuwa kila mtu anazijua. Udongo mweusi wa Nyando mvua za Machi zikianza haupitiki. Ushuru wa maendeleo ya sukari umerudi, na sehemu yake imetengewa miundombinu. Ianzie kwenye vijia vya kutoka shambani, ambako trekta hukwama hata kabla ya kuiona lami.

Kuna jambo linalonisikitisha zaidi ya matope. Miwa inapoadimika viwanda hugombania iliyopo. Mnamo 2023 usagaji ulisimamishwa kwa miezi kadhaa magharibi mwa Kenya kwa sababu miwa michanga ilikuwa ikikatwa kabla ya wakati wake. Nyakati kama hizo utaona matrela yenye miwa yakipishana barabarani, moja likitoka huku kwenda mbali, jingine likitoka mbali kuja huku. Sehemu kubwa ya uzani wa muwa ni maji, na zinahitajika takriban tani 10 za miwa au zaidi kupata tani moja ya sukari. Maji hayo ndiyo tunayochomea dizeli. Waliojenga kiwanda cha Miwani mnamo 1922 walikiweka katikati ya mashamba na kando ya reli iliyokuwa imefika Kisumu mnamo 1901. Walielewa kwamba miwa haitakiwi kusafiri mbali, sukari ndiyo inayosafiri.

Sasa kuna mwito wa kulipa mkulima kwa kiwango cha sukari badala ya uzani peke yake. Naunga mkono, kwa sababu anayetunza shamba vizuri atapata haki yake. Lakini mfumo huo ukiletwa kabla ya suala la muda kutatuliwa, mkulima ambaye miwa yake imelazwa siku tano na uzembe wa wengine ataadhibiwa mara mbili: uzani umepungua na sukari imepungua.

Kwa hiyo naiomba Bodi ya Sukari ya Kenya na wawekezaji wapya waanze na jambo dogo. Stakabadhi ya mavuno iongezewe mstari mmoja: tarehe na saa ambayo miwa ilikatwa, isainiwe na msimamizi wa wakataji na mkulima au mtu wake. Mizani ya kiwanda tayari huandika saa ya kuingia. Tukiwa na saa hizo mbili kwenye karatasi moja, kila mtu ataona muda uliopita. Ukizidi saa 48 na mkulima hana kosa, aliyeagiza panga ndiye afidie tofauti. Wakulima wenzangu nao wasikubali miwa yao ikatwe kabla ya kuambiwa trekta linakuja siku gani, na wasimamizi wa vikundi vyetu waidai karatasi hiyo msimu huu huu, bila kungoja kanuni mpya kutoka Nairobi.

Mkulima wa miwa,
Nyando, Kaunti ya Kisumu