Barua kwa Mwanangu Mcheza Baleti

Binti yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka hapa Mombasa. Sote hatujambo, na mamako ule mguu wake umepata nafuu. Ujumbe wako tumeupata. Unasema umeombwa ufundishe watoto baleti kila Jumamosi, nawe unasitasita kwa kuwa wenzako wamekwambia mcheza densi akishaanza kufundisha, basi kwisha habari yake. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Tangu uingie kazi hii nimekuwa nikisoma mambo yake, mimi fundi cherehani niliyekulia kwenye chakacha, na yuko mtu mmoja nataka umjue vizuri: Arthur Mitchell, mcheza baleti mweusi wa Marekani.

Alizaliwa Harlem, mtaa wa watu weusi huko New York, mwaka 1934. Alikuwa na miaka 12 babake alipofungwa jela, mzigo wa nyumba ukamwangukia yeye. Akawa anang'arisha viatu, anauza magazeti, anafanya vibarua buchani. Shuleni, mshauri wa wanafunzi alimwona akicheza kwenye sherehe akamhimiza ajaribu shule ya sanaa. Baleti hasa aliishika akikaribia miaka 18. Nakukumbusha hilo kwa sababu nawe uliambiwa umechelewa.

Mwaka 1955 akaingia New York City Ballet, kundi la mtunzi wa densi George Balanchine, na miaka miwili baadaye Balanchine akamtungia sehemu katika baleti iitwayo Agon: densi ya watu wawili, yeye na Diana Adams, mwanamke wa kizungu. Nimeitazama kwenye simu mara nyingi. Muziki wake, uliotungwa na Stravinsky, unakatikakatika, naye anamshika mwenzake kifundo cha mguu, anamzungusha, miili inafungana kisha inafunguka tena. Hakuna tabasamu la mapambo. Na huo ndio mwaka ambao wanafunzi weusi wa mji wa Little Rock, Marekani, walisindikizwa na wanajeshi kuingia shule ya wazungu! Televisheni za biashara za Marekani ziliogopa kuionyesha densi hiyo, mweusi na mzungu wakishikana, mpaka 1968. Balanchine hakukubali kumtoa.

Angeweza kutosheka na sifa hizo. Lakini Aprili 1968 Martin Luther King, mtetezi wa haki za watu weusi, akauawa. Mitchell wakati huo alikuwa akisaidia kujenga kundi la baleti Brazil. Akaamua kurudi mtaani kwao, na mwaka 1969, pamoja na Karel Shook aliyewahi kuwa mwalimu wake, akaanzisha Dance Theatre of Harlem, shule na kundi la baleti. Walianzia gereji. Kwa sababu ya joto milango iliachwa wazi, wapita njia wakawa wanasimama kuchungulia. Wavulana waliona haya kuvaa taiti, akawaruhusu wacheze na kaptula za jinzi, akaleta na wapiga ngoma. Walianza watoto kama 30, na baada ya miezi michache wakafika 400. Mimi hapo ndipo namwona fundi, kuliko hata kwenye Agon. Na hakuacha kutunga: Holberg Suite na Rhythmetron ni kazi zake, na mwaka 2018, akiwa na miaka 84, alikuwa bado anaitengeneza upya densi yake ya zamani, Tones. Septemba mwaka huo akafariki.

Sasa nije kwenye nguo, maana huko ndiko kwangu. Taiti na viatu vya baleti vilikuwa vya waridi ili mguu wa mchezaji uonekane mstari mmoja, kuanzia nyonga hadi ncha ya kiatu. Kwa mzungu, sawa. Kwa mtu mweusi mstari unakatika kiunoni, juu rangi moja na chini nyingine. Miaka ya 1970 Mitchell akataka kila mchezaji avae rangi ya ngozi yake mwenyewe, kwa hiyo taiti zikawa zinatiwa rangi na viatu vinapakwa poda ya uso, cha kila mtu kivyake. Hesabu hiyo kazi! Viatu vya ncha, vile vya kusimamia vidole, hulainika upesi, na kila jozi mpya inaanza upya. Mafundi wa Freed, kampuni ya viatu vya densi ya London, walianza kutengeneza vya kahawia na shaba mwaka 2018 tu.

Sikufichi, pesa zilimsumbua. Mwaka 2004 madeni yalilisimamisha kundi lake, likarudi jukwaani mwaka 2012 likiongozwa na Virginia Johnson, mmoja wa wachezaji wake wa mwanzo. Ila shule haikufungwa miaka yote hiyo. Wanaokwambia kufundisha ni kustaafu, waulize kipi kilichobaki kimesimama.

Kwa hiyo ikubali hiyo Jumamosi, lakini patana nao malipo kabla ya kuanza, na mazoezi yako ya asubuhi usimwachie mtu. Watoto nao nitumie vipimo vyao, kiuno na urefu wa mguu, na picha zao zilizopigwa kwenye mwanga wa jua, si wa taa, nione rangi zao sawasawa. Nitanunua taiti nyeupe nizitie rangi hapa dukani. Nitazipakia kwenye basi la usiku, nawe utazichukua stendi asubuhi.

Wako,
Baba