Bajeti ya matembezi ya kijana mwenye usonji ianze na nauli ya kurudi

Ndugu Mhariri,

Likizo ya Juni ikikaribia, matangazo ya viwanja vya michezo, mabwawa ya kuogelea na ziara za visiwani hutapakaa Mwanza nzima. Familia nyingi zenye kijana mwenye usonji (autism) huyapita kimya. Fedha ni kidogo, na hofu ni kubwa: kijana wa miaka 15 akianza kupiga kelele au kujitupa chini mbele ya watu, tutamficha wapi? Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme kwamba matembezi hayo yanawezekana, tena kwa kipato cha kawaida, mradi hesabu yake ipangwe kinyume na tulivyozoea.

Tumezoea kuanza na kiingilio. Mtu anauliza bei ya mlangoni, anazidisha kwa idadi ya watu, kinachobaki ndicho cha nauli na soda. Kwa kijana huyu, anza na nauli ya kurudi nyumbani, tena ya bajaji ya kukodi, si ya daladala. Iwekwe kwenye bahasha yake na isiguswe. Akizidiwa na kelele saa tano asubuhi, hawezi kukaa kwenye gari linalosubiri kujaa huku konda anagonga bati na muziki unanguruma. Familia isiyo na nauli hiyo hubaki palepale ikimbembeleza, na hapo ndipo siku inapoharibika.

Tuseme mna shilingi 80,000 kwa watu watatu. Elfu 15 iwe ya kurudi, elfu 10 ya dharura, elfu 10 ya chakula cha kubeba, elfu 10 ya maandalizi na nauli ya kwenda. Inayobaki kwa viingilio na michezo ni elfu 35 tu. Kama sehemu mnayoitaka inadai zaidi ya hapo, iacheni kwanza. Wala msinunue tiketi ya kutwa hata kama mwenye uwanja anasema ndiyo nafuu. Kwa mara ya kwanza saa mbili zinatosha, na ni heri kulipia mchezo mmoja mmoja. Mara mbili za saa mbili, mahali palepale, zina faida kuliko kutwa moja, kwa sababu mara ya pili kijana anapajua na hofu imepungua. Kuhusu safari ya Dar es Salaam kwenye viwanja vikubwa vya maji, hiyo ni zaidi ya kilomita elfu moja ya basi. Isubiri mpaka matembezi ya hapa nyumbani yawe yamezoeleka.

Kwa mkazi wa Mwanza, pa kuanzia ni Saanane, kisiwa kidogo ndani ya Ziwa Victoria. Gati iko Capri Point, na kutoka katikati ya jiji unaweza kwenda hata kwa miguu. Safari ya boti ni ya dakika chache. Kisiwa kilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2013 na eneo lake halifiki kilomita tatu za mraba, kwa hiyo njia ni fupi na zinarudi palepale mlipoanzia. Kuna swala, kuna pimbi wanaoota jua juu ya mawe, kuna kenge na mijusi. Kijana anayependa kuangalia kitu kimoja kwa muda mrefu ataangalia bila kusukumwa, ilimradi mwende siku ya kazi asubuhi, si sikukuu wala Jumapili mchana. Jambo moja la fedha: katika hifadhi za taifa kiwango cha mtoto ni cha miaka 5 hadi 15, akifika 16 analipa kama mtu mzima. Kwa kijana mrefu wa miaka 14 beba nakala ya cheti cha kuzaliwa, vinginevyo mtabishana getini wakati yeye amesimama juani. Malipo ya serikali hufanywa kwa namba ya malipo, na mtandao ukisumbua foleni inalala. Mtu mmoja apite siku moja kabla, aulize utaratibu, ratiba ya boti na kama chakula cha nyumbani kinaruhusiwa.

Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, nako ni kuzuri kwa kijana anayependa vitu vya kale, ila si wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Kisukuma, mwezi wa Juni. Ngoma na umati wa siku hizo si mahali pa kuanzia.

Maandalizi yenyewe hayana gharama kubwa. Piga picha kwa simu: bajaji, gati, boti, kisiwa, choo, chakula, nyumbani. Zichapishe steshenari, zibandike kwenye kipande cha boksi na zifunike kwa selotepu pana zisilowe. Zipange kwa mstari, ya mwisho iwe nyumbani siku zote, maana anayejua mwisho uko wapi huvumilia katikati. Ongeza kadi moja yenye alama ya kuuliza. Hiyo ni kadi ya mabadiliko. Upepo wa ziwani ukichafua maji na boti isiondoke, huondoi picha ya boti kimyakimya, bali unaweka kadi hiyo juu yake na kumwonyesha kitakachofuata. Mzoesheni kadi hiyo nyumbani kwa mambo madogo, mathalani chai badala ya uji, kabla ya kuitegemea safarini. Msianze kumwonyesha mapema mno. Kwa kijana mwenye wasiwasi, wiki nzima ya kungoja ni wiki nzima ya kuuliza swali lile lile na kukosa usingizi. Siku tatu zinatosha kwa wengi.

Jaketi la kuokolea ndilo linaloleta vurugu gatini mara nyingi. Mikanda inabana, lina harufu, limelowa na mtu aliyetangulia. Lakini kulivaa si jambo la mjadala. Ziwa hili lilichukua watu wengi meli ya MV Bukoba ilipozama mwaka 1996 na kivuko cha MV Nyerere mwaka 2018. Basi mazoezi yafanywe nyumbani. Azima au nunua la bei rahisi, avae juu ya fulana ya pamba dakika mbili, kesho tano, keshokutwa kumi huku akifanya anachokipenda. Ndani ya boti akae mbele, mbali na mashine, kwa sababu ya mlio na harufu ya mafuta. Kwa masikio, vile vikinga vya mafundi vinavyouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi vinafanya kazi nzuri na ni nafuu kuliko vinavyouzwa kama vifaa maalumu. Navyo avizoee kwanza.

Kwenye viwanja vya michezo kuna tatizo la umri ambalo wazazi wa watoto wadogo hawalijui. Kijana wa kilo 60 anaweza kutaka jumba la kurukia au kitreni cha watoto wa miaka minne, na mwenye kiwanja hicho ana haki ya kumkataza, kwani anaweza kuwaumiza wadogo. Ulizeni kabla. Kama hataruhusiwa, mchezo huo usiwemo kwenye picha zake kabisa. Bembea yenye minyororo imara huwatuliza wengi, lakini ile ya kuzunguka humfurahisha sasa na kumtapisha baadaye, hivyo mpeni zamu fupi. Kwa wenye kifafa, ambacho huandamana na usonji mara kwa mara, dawa zitolewe kwa saa ile ile ya nyumbani, na mbebe dozi ya ziada.

Foleni igawanywe. Mtu mzima mmoja asimame, mwingine atembee na kijana kivulini, na simu ipigwe wakibaki watu watatu mbele. Bustani za Disney kule Marekani zina utaratibu wa kuwawezesha watu wenye usonji kungojea nje ya foleni na kurudi wakati waliopangiwa. Kwetu jambo hilo halihitaji mtambo wowote: karani anaandika saa kwenye kipande cha karatasi na kuweka sahihi.

Choo ni suala zito kuliko linavyosemwa. Mama hawezi kuingia choo cha wanaume na mwanawe wa miaka 16, na kumwacha aingie peke yake kati ya watu asiowajua si salama. Aende mjomba au kaka, au mchague sehemu yenye choo cha chumba kimoja chenye komeo. Ni hivyo hivyo kwa kubadili nguo za kuogelea: kijana aliyebalehe afundishwe nyumbani kwamba nguo huvuliwa mlango ukiwa umefungwa.

Majini, uangalizi uwe wa zamu. Vijana wengi wenye usonji huvutwa na maji na huweza kuyafuata bila kuona hatari. Watu wanne wakisema wote wanaangalia, kwa kweli hakuna anayeangalia. Mmoja atamke, "Sasa niko naye mimi," kwa dakika 15, kisha akabidhi kwa mdomo. Ufukweni penye majani na maji yaliyotulia kuna konokono wanaoeneza kichocho, kwa hiyo anayetaka kuogelea apelekwe bwawa lenye maji yaliyotiwa dawa.

Sasa kuzidiwa. Dalili hutangulia: anaziba masikio, anauliza jambo moja mfululizo, anatembea huku na huko, anajiuma mkono. Ondokeni kwenye dalili ya kwanza. Tunaona familia zikisema "tumalizie kidogo, tumeshalipa", na hiyo kidogo ndiyo inayogharimu. Akishazidiwa, punguza maneno, sogeza watu, usimshike isipokuwa yuko karibu na maji au barabara, na usimwulize maswali. Hicho si kiburi wala mapepo. Ubongo umepokea sauti, mwanga na harufu kuliko unavyoweza kuzihimili.

Hapa tunawageukia wananchi wenzetu. Mtoto mdogo akichukua soda ya mtu, watu hucheka. Kijana mwenye ndevu akifanya hivyo, kuna anayepaza sauti ya mwizi, na sote tunajua kinachoweza kufuata. Kila kijana abebe kadi mfukoni: jina analoitwa, maneno "Nina usonji, naweza nisijibu, tafadhali usinishike", na namba mbili za simu. Mwenye nia njema apige namba hizo badala ya kuwasha kamera.

Haki ya burudani na mapumziko imo katika kifungu cha 30 cha mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Hatuwaombi wenye viwanja na mabwawa ya Mwanza wajenge chochote. Tunaomba vijana hawa wapewe dakika 60 za asubuhi kabla spika hazijawashwa, hata siku moja tu kwa mwezi. Tunaomba karatasi ya foleni kama tulivyoeleza. Tunaomba mlezi anayeingia kwa ajili ya kumshika kijana mkono, wala hachezi chochote, asitozwe kiingilio kamili. Na walio tayari, waiandike saa hiyo kwenye matangazo yao ya likizo, pamoja na namba ya mtu wa kuuliza kuhusu choo na chakula, ili tuweze kuandaa zile picha mapema.

Ni sisi wazazi na walezi wa vijana wenye usonji,
Ilemela, Mwanza.