Batu si ukumbi wa kupigia picha

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa safari umeyasifu tena mapango ya Batu, kaskazini mwa Kuala Lumpur, na sifa ni zile zile: ngazi 272 zilizopakwa rangi mwaka 2018, kima, na sanamu ya Murugan, mungu wa Kihindu, ya mita 42.7. Neno "hekalu" nililitafuta, nikalikuta mara moja tu, chini ya picha.

Mimi nilikwenda na goti bovu. Mwenye goti bovu hupanda polepole, na apandaye polepole huona mengi. Mbele yangu alikuwa mama wa Kitamil, peku, kichwa amenyoa na kukipaka liwa ya manjano, kajitwika chungu cha maziwa kilichofunikwa kwa kitambaa. Alikuwa akitimiza nadhiri. Vijana watatu, watalii kama mimi, walimpita, wakageuka, wakamwashiria asogee pembeni maana anawaharibia picha. Akasogea. Maziwa yalimchuruzika hadi begani.

Tangu miaka ya 1890, mfanyabiashara K. Thamboosamy Pillai alipoanzisha hekalu katika jabali lile la chokaa, watu hupanda hivyo. Inasemekana mdomo wa pango ulimkumbusha mkuki wa Murugan. Thaipusam, sikukuu ya kumwadhimisha Murugan, husherehekewa hapo tangu 1892. Sanamu mnayoisifu ilizinduliwa mwaka 2006, juzi tu.

Ndani kuna ubaridi. Matone yanadondoka kutoka darini, kafuri inanukia, na kwa nyuma dari limetoboka hadi mbinguni, mwanga unashuka juu ya kihekalu kidogo. Hapo viatu huvuliwa. Mama yule nilimkuta keshakabidhi maziwa kwa kuhani, anapangusa chungu kwa ncha ya sari, anahema.

Waandishi wenu wawaambie basi wasomaji: funika magoti (wanawake wenye nguo fupi hukodishiwa kitambaa pale chini), mpishe mwenye mzigo kichwani, na usipande na chakula mkononi. Hilo la mwisho nalisema kwa aibu. Mfuko wangu wa ndizi haukufika hata nusu ya ngazi. Kima aliuchukua kwa adabu kuliko wale vijana, akakaa ukutani, akamenya moja huku ananitazama.

Msomaji wenu,
Mwalimu mstaafu