Orodha ya kaya ihesabiwe kwa vyungu

Ndugu Mhariri,

Kila inapotakiwa orodha ya kaya Ilala, Buguruni au Magomeni, iwe ya vyandarua au ya ada ya taka, mwandikishaji husimama barazani, akamuuliza anayemkuta, akaandika nyumba moja, familia moja. Mwingine huhesabu milango. Wote wawili wanakosea. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula pamoja. Undugu si sharti.

Chukueni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: vyumba sita, vitatu kila upande wa korido, na uani choo, bafu na banda. Chumba kimoja cha mbele kimegeuzwa fremu ya duka, hakuna anayelala. Cha pili yumo mjane mwenye nyumba na wajukuu watatu. Cha tatu ni cha mwanawe na mkewe, lakini wanakula kwa mama. Vyumba viwili, kaya moja. Cha nne kina vijana wanne wanaofanya kazi Kariakoo. Wanachangia kodi tu, kila mmoja anakula kwa mama ntilie kwa fedha yake: hizo ni kaya nne. Wangechanga unga na kupika pamoja, ingekuwa moja. Cha tano yupo mama, watoto wawili na dada wa kazi. Huyo dada ndiye anayesahaulika kuliko wote, ilhali anakula chungu hicho hicho. Cha sita ni mke wa pili wa bwana ambaye mke wake wa kwanza anaishi nyumba nyingine, pamoja na wanawe. Mume aandikwe mara moja tu, kwa mke mmoja. Ongeza mpangaji wa banda la uani. Milango ya vyumba ni sita, kaya ni nane.

Kosa hili linaumiza pande zote. Chandarua hutolewa kimoja kwa watu wawili, hivyo kichwa kisichoandikwa ni mtu anayelala bila kinga. Na ada ya taka ikitozwa kwa chumba, kaya moja yenye vyumba viwili, kama ya yule mjane na mwanawe, inalipa mara mbili.

Mwandikishaji aanzie uani, yaliko majiko, baada ya saa kumi na mbili jioni, wafanyakazi wakisharudi. Lakini asihesabu majiko peke yake: mtu mmoja huwa na la gesi na la mkaa. Mita ya umeme ya LUKU nayo haimsaidii, kwani vyumba vyote mara nyingi vinachangia moja. Aulize kila mpangaji mwenyewe, si mwenye nyumba: nani alilala hapa jana? Nani anakula nawe chungu kimoja? Na asimwandike mama kuwa anaishi peke yake kwa sababu tu mumewe, dereva wa lori, yuko safarini.

Kodi hulipwa kwa miezi mitatu au sita, na ikiisha wengi huhama. Orodha ya mwaka jana isitumike kugawia chandarua mwaka huu.

Wasomaji wenu,
Ilala, Dar es Salaam